Hapa ni kwa Nani?

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kwenda kumwangalizia rafiki yangu kiwanja upande wa Nala, kule ambako Jiji la Dodoma linakwisha na mashamba ya uwele yanaanza. Kibao cha anwani kilikuwepo, kipya, kimesimama wima kando ya njia ya ng'ombe. Kilikuwa na jina la ua ambalo sijawahi kuliona likiota Ugogo. Chini ya mbuyu alikaa mzee mmoja. Nikamwamkia, nikamuuliza hapa panaitwaje. Hakukitazama hata kile kibao. "Hapa ni kwa…" akasema, akataja jina la mtu.

Jina lenyewe sitaliandika, kwa sababu nafanya kazi na kijana mwenye jina hilohilo na hajanipa ruhusa. Nilimpigia simu palepale, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Nikamwambia nimesimama kwenye ardhi ya babu zako. Akacheka. "Sisi watu wa Mpwapwa, kaka. Baba kazaliwa Kibakwe. Huko Nala sina hata shangazi."

Tangu siku ile nimekuwa nikiisumbua akili yangu na jambo moja: jina la mtu likiwa mahali, na jina hilohilo likiwa kwa mtu, tunaruhusiwa kusema nini? Wengi tunarukia jibu. Tunaona kilima, tunaona mbunge au mwalimu mwenye jina la kilima, tunasema hao ndio wenye kilima. Mimi mwenyewe nilirukia, na nimezaliwa hapahapa.

Zipo nchi ambako kurukia hivyo mara nyingi hakukupotezi. Chukua Marekani na jina la Boone. Daniel Boone alikuwa mwindaji, akapasua njia ya kuvuka milima kuingia Kentucky, na mwaka 1775 akaanzisha ngome iliyoitwa Boonesborough. Leo kuna Kaunti ya Boone huko Kentucky, na nyingine Missouri, ambako alifia mwaka 1820. Ukienda Iowa unaikuta Kaunti ya Boone tena. Hapo mgeni atasema mzee alifika mbali. Lakini ile ya Iowa imepewa jina kwa heshima ya mwanawe, Nathan Boone, aliyekuwa askari. Baba na mwana wako kwenye ramani kwa neno moja, kwa kuwa kwao jina la ukoo halibadiliki: babu Boone, baba Boone, mwana Boone.

Sasa mlete Nathan Ugogo. Angeitwa Nathan Daniel. Mwanawe angekuwa fulani wa Nathan, na mjukuu wake fulani wa fulani. Kizazi cha tatu kingefika bila Boone hata mmoja, na ile kaunti ya Iowa ingekuwa Kaunti ya Nathan. Msafiri akipita asingejua kwamba Boonesborough na Nathan ni mtu na baba yake. Undugu wa damu ungekuwa ni uleule, ila ramani isingeusema.

Ndivyo sisi tunavyoitana. Jina lako, la baba, la babu. Kila kizazi kikija kinasukuma jina moja mbele na kuangusha moja nyuma, kama foleni ya maji bombani. Halafu zikaja shule, makanisa, na siku hizi kitambulisho cha taifa, na kila fomu ikawa na kisanduku cha jina la mwisho. Familia moja inajaza jina la babu, ya pili jina la baba, ya tatu jina ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliandika vibaya na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Najua nyumba moja hapa mjini yenye ndugu watatu wa baba na mama mmoja, na kila mmoja ana jina lake la mwisho. Dodoma imetoa mawaziri wawili wa enzi za Mwalimu, Job Malecela Lusinde na John Samuel Malecela. Neno moja, kwa mmoja limekaa katikati na kwa mwingine limekaa mwisho. Karani wa kigeni angewapanga kwenye makabati mawili tofauti, L na M, na kazi yake ingeonekana safi.

Kwa hiyo jina la mtu Ugogoni halikuwahi kupewa kazi ya kubeba ukoo. Kazi hiyo ilikuwa na chombo chake. Mgogo ana *mbeyu*, yaani mbegu, ndiyo ukoo, na kila mbeyu ina mzilo wake, kile ambacho watu wa ukoo huo hawali au hawagusi. Wazee wawili wakikutana njiani, baada ya *mbukwenyi* na habari za mifugo, wanatafutana kwa hayo. Ukimtajia mzee jina lako la kwenye kitambulisho anakuitikia kwa adabu tu, kisha anasubiri umwambie wewe ni nani.

Na mwanzilishi je? Neno lake lipo, na tunalitamka kila siku bila kulisikia. Kutema ni kukata, ndilo neno hilohilo la kutema kuni. Mtemi, kwa maelezo ya wazee wengi wa Ugogo na Unyamwezi, ni yule aliyetema pori: aliyefika kwanza, akafyeka, akawasha moto, akafungua nchi. Wapo wanaosema ni yule anayekata mashauri, na sioni ugomvi kati ya hayo mawili, maana aliyefyeka ndiye waliyemwendea wagomvi. Nchi hiyo Wagogo wanaiita *isi*. Mtemi wa isi alishika mawe ya mvua, akasema lini watu wapande, na aliyehamia baadaye, hata awe na ng'ombe mia, alikuja kwake kuomba. Mtemi alitoka katika mbeyu ile iliyotangulia kufyeka. Watu wa mbeyu nyingine walijaa humo, wakaoa na kuolewa, wakazidi hata kwa idadi, lakini mvua iliendelea kuombwa kupitia ukoo wa mfyekaji.

Hapa ndipo mchapo unaponoga. Ukikaa na koo za Kigogo, moja baada ya nyingine, zikusimulie zilikotoka, ni chache zitakazokuambia zimeota hapa. Hawa walitoka Uhehe, wale Ukaguru, wale Unyamwezi, wale kwa Wamasai. Mathias Mnyampala, mshairi wetu, mwaka 1954 alichapisha historia ya Wagogo, na anayeisoma anakutana na safari kila ukurasa. Hata jina la kabila linasimuliwa kuwa tulipewa na wapita njia: Wanyamwezi wa misafara waliwakuta watu wamekaa juu ya gogo, wakawaita hivyo. Mwenyeji wa Ugogo, basi, ni mgeni aliyewahi. Mtu anayehamia leo Iyumbu au Kisasa kwa lori la godoro na makochi anafanya walichofanya wao. Tofauti ni kwamba yeye hakumkuta wa kumwomba, alimkuta dalali.

Sasa utauliza: kama nchi ilihesabiwa kwa mfyekaji, mbona ramani ya Dodoma haina majina ya watu? Ipitie uone. Dodoma yenyewe ni kuzama. Wengine wanasema tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akadidimia topeni. Wengine wanasema ni ng'ombe walioibwa kwa Wahehe, wakachinjwa na kuliwa, kisha mikia ikachomekwa kwenye tope ili wenyewe wakija waambiwe *idodomya*, wamezama. (Mimi naipenda ya pili, ina akili zaidi kuliko ya tembo.) Kisha una Dodoma Makulu, ile Dodoma kubwa, na Mvumi Makulu. Una majina ya miti, ya mabonde, ya maji, ya udongo. Mtu ni wa kutafuta kwa tochi.

Sababu, kwa ninavyoiona, ni kwamba isi ilichukua jina la kitu kisichohama, na mtu aliacha jina lake kwenye kitu kinachohama, yaani kaya. Tembe la udongo lenye paa bapa lilijengwa, likakaa miaka yake, malisho yakiisha au mvua ikigoma watu wakahamia kwingine na mifugo yao. Kaya ya fulani leo iko hapa, miaka kumi baadaye iko nyuma ya kilima, na bado ni kaya ya fulani. Jina halikubaki nyuma kuwalindia mahali. Lilifungwa kwenye mzigo likaondoka na mwenyewe. Kilichobaki ni mbuyu, na mzee mmoja chini yake anayekumbuka.

Kwamtoro, kule Chemba kwa Wasandawe, ni mfano wa lile lililogoma kuondoka. Ligawe tu: kwa Mtoro. Kiswahili kinamwita mtoro yule aliyekimbia, lakini Mtoro ni jina la mtu pia, na watu wa Kariakoo wana Msikiti wa Mtoro. Lilishikamana likawa neno moja, likaingia kwenye kata, likaandikwa kwenye masanduku ya kura. Mtoto aliyezaliwa Kwamtoro halisikii tena lile "kwa" mwanzoni. Hilo ndilo jina la mwanzilishi lililofanikiwa kuliko yote, lile ambalo watu wamesahau kwamba ni la mtu.

Yaliyofeli yalifeli kwa mikasa inayojulikana. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Dodoma wakiwafukuza Wajerumani, na majeshi yote mawili yalikula nafaka na ng'ombe wa Wagogo na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zikakata. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, wazee wanaiita Mtunya. Watu walitawanyika kwenda kwa yeyote mwenye chakula, wengine hawakurudi, na waliorudi hawakurudi mahali palepale. Kaya ngapi zilizokuwa na majina ziligeuka vichuguu, Mungu ndiye anajua. Miaka hamsini baadaye ikaja Operesheni Dodoma ya 1971, kabla nchi nzima haijahamishiwa vijijini, na kaya zilizokuwa zimesambaa zikavutwa zikapangwa kwa mistari. Kijiji kikawa na jina moja, mwenyekiti mmoja, bomba moja likibahatika. Majina ya kaya kumi au ishirini yakaingia kwenye kijiji kimoja yasitoke tena. Sisemi vijiji vilikuwa kosa. Mama yangu alisoma kwa sababu ya kijiji. Nasema kwamba hapo ndipo ilipokatika kamba iliyofunga jina la mtu na kipande cha ardhi, kisha leo kijana anakuja na jina lake mkononi akidhani kamba bado ipo.

Kuna jambo linanichekesha kila nikilifikiria. Ugogo ulikuwa kwenye njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kule Tabora. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akafika Mvumi, akalipishwa hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi kama msafiri mwingine yeyote, na malalamiko yake tunayo. Wamisionari wa Kianglikana wakafuata Mpwapwa miaka michache baadaye, na ubatizo ukaja na majina. Leo ukiita "Stanley!" au "Livingstone!" kwenye mnada wa Msalato, watageuka Wagogo. Jina ambalo Uskoti lilikuwa la ukoo hapa limekuwa la kwanza, la mtoto, la kuitiwa uji. Mwanasiasa Livingstone Lusinde anajulikana nchi nzima, na hakuna Mtanzania aliyewahi kumuuliza kama ana ndugu huko Blantyre ya Uskoti. Kwa jina la kigeni tunajua mara moja kwamba kufanana si udugu. Likiwa la Kigogo, akili hiyo tunaiweka chini.

Upande mwingine yapo majina yanayoshuka kutoka juu, na Dodoma ya sasa imejaa hayo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, ukumbi wa Jakaya Kikwete, soko la Job Ndugai pale Nzuguni, mji wa Serikali wa Mtumba ulioitwa Magufuli. Wote ni watu wakubwa, na Ndugai angalau alikuwa wa Kongwa, mtu wa hapa. Lakini hakuna kati yao aliyefyeka Nzuguni wala Mtumba. Majina haya yanakuambia nani alikuwa na madaraka siku utepe ulipokatwa. Tena hayana mizizi: yalivyopandishwa kwa kikao, kikao kingine kinaweza kuyashusha. Mtemi Mazengo wa Mvumi, mashuhuri kuliko watemi wote wa Ugogo enzi za Mwingereza, alipewa shule ya sekondari mjini, ile iliyokuwa ikiitwa Alliance. Sikio la Mgogo linasikia *kuzenga*, kujenga, ndani ya jina lile, na kwa shule lilikuwa jina zuri. Tangu mwaka 2007 majengo yale ni Chuo Kikuu cha St. John's. Waliosoma pale bado wanasema "nilisoma Mazengo". Wajukuu wao watasema walisoma St. John's, na Mazengo litabaki kuwa jina la mtu waliyemwona kwenye picha.

Wenye kubisha watasema yote haya ni porojo za wazee, ardhi ina sheria. Ina sheria kweli, na nashukuru. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila na inatoa hati yake, na hati hiyo haitazami jina lako linafanana na la mlima gani. Lakini nenda kasikilize mgogoro wa kiwanja pembezoni mwa Jiji. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na hoja ya kwanza kabisa huwa ni jina. "Hapa panaitwa kwa fulani, na mimi ni fulani." Wakati mwingine ni kweli tupu, mjukuu amesimama juu ya makaburi ya kwao na hana karatasi. Wakati mwingine ni jamaa aliyegundua bahati ya jina miezi sita baada ya barabara kupita. Wajumbe wanatazamana, kwa kuwa jina ndilo ushahidi pekee uliotajwa, na ndio ushahidi mwepesi kuliko wote kughushi. Mimi ningetaka mdai aulizwe mambo ambayo mzee wa mbuyu angeuliza: mbeyu yenu ni ipi, mzilo wenu nini, babu alimkuta nani hapa, nani alimwonyesha pa kujenga, kaya ilihamia wapi mwaka wa njaa. Mwenye haki anajibu kwa urefu mpaka anachosha. Mwenye bahati anarudia jina.

Na ndiyo maana zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, lililofanywa kwa haraka kabla ya sensa ya Agosti, linaniuma kidogo mpaka leo. Zoezi lilikuwa la lazima. Jiji la watu zaidi ya 765,000 haliwezi kuendelea kuelekezana kwa "ukifika kwenye duka la bluu kata kushoto". Gari la wagonjwa halijui duka la bluu. Lakini barabara zilikuwa nyingi na siku chache, majina yakitakiwa yasijirudie, na watu wakafanya walichoweza: maua, matunda, miji ya mbali, viongozi. Kikao cha mtaa mmoja ninaoufahamu kilimaliza majina ya barabara zote kabla chai haijapoa. Wazee wawili waliokuwa wanajua nani alitangulia kujenga wapi hawakuitwa, kwa kuwa hawana simu.

Gharama ya kurekebisha si kubwa. Sisemi vibao ving'olewe. Daftari la mtaa lina nafasi ya safu moja zaidi: jina la zamani la mahali, ni la nani, alitoka wapi, aliondoka lini. Mtendaji aliyemaliza sekondari anaweza kuijaza kwa wiki mbili akiwa na subira na tumbaku kidogo ya kuwapa wazee. Asiandike nani mwenye ardhi, hilo lina ofisi yake. Aandike tu nani alifyeka. Nala na Zuzu bado kuna wa kuulizwa. Kisasa nadhani tumechelewa, labda na Iyumbu.

Kijana wa kazini hajaniacha. Juzi kaniuliza tena pale mahali ni wapi hasa, akitaka Jumamosi nimpeleke akapige picha atume kwenye kundi la ukoo wao wa Mpwapwa. Nikamkumbusha kwamba si kwao, na kwamba kibao kina jina la ua. Akasema anajua. Atapiga na mbuyu.